Moto Wao na Makuti Yetu

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Novemba, vuli inapoanza kugonga mabati, mimi hukumbuka moto mmoja ambao haukuwa wetu. Ilikuwa mwaka 1957. Nilikuwa na umri wa miaka minane, na baba yangu alikuwa mkata mkonge katika shamba moja kubwa huko Tanga.

Tuliishi katika kambi ya manamba. Kwa vijana ambao huenda hawalijui neno hili, manamba walikuwa vibarua wa mkataba, watu waliochukuliwa kutoka majimbo ya mbali na kupewa namba kabla ya kupewa kazi. Kambini kwetu walikuwapo Waha, Wabena, Wamakonde, na wengine waliovuka mpaka kutoka Urundi. Nyumba zilikuwa za udongo, zimeezekwa makuti, zimepangwa safu kwa safu, na nafasi iliyokuwapo kati ya nyumba na nyumba ilimtosha mtu mmoja na ndoo yake. Juu ya kilima, mbali nasi, ilikuwako nyumba ya meneja, Mwingereza, yenye paa la vigae.

Siku chache kabla ya tarehe 5 Novemba nyapara alipita kuchagua watu wa kukusanya kuni. Ililetwa milingoti mikavu ya mkonge, masanduku yaliyovunjika na matairi mabovu, vikarundikwa chini ya kilima hata lundo likawa refu kupita nyumba. Uwanja ule ulikuwa karibu na kambi yetu kuliko ulivyokuwa karibu na nyumba ya meneja. Jioni ya tarehe 5 yakaja magari ya Wazungu wa mashamba ya jirani, pamoja na wake zao na watoto wao. Juu ya lundo wakaweka sanamu la mtu, limevaa suruali kuukuu na kofia, limeshindiliwa majani. Wakatia moto. Kisha zikarushwa fataki, au fashifashi kama wengine wasemavyo, nyekundu na za kijani, zikapasuka juu ya miembe. Sisi watoto tulikuwa tumekaa juu ya ukuta wa tangi la maji, na sitaki kumdanganya msomaji: tulifurahi mno. Sikuwa nimepata kuona kitu kizuri namna ile.

Wazee hawakufurahi. Mmoja wao alimwuliza karani wa shamba, aliyekuwa amesoma shule ya misheni, yule anayechomwa amekosa nini. Karani akasema ni mtu aliyetaka kumwua mfalme wa Uingereza kwa baruti. "Lini?" Karani akahesabu, akajibu kuwa imepita zaidi ya miaka mia tatu na hamsini. Mzee akatikisa kichwa. "Na hadi leo hawajamsamehe?"

Vuli ilikuwa imechelewa mwaka ule na makuti yalikuwa makavu. Fataki moja haikupanda kama ilivyotakiwa. Ilikwenda mshazari, ikaangukia safu ya tatu ya kambi. Nyumba mbili ziliteketea kabla watu hawajafika na ndoo. Hakufa mtu. Mzee mmoja Mha alipoteza kitanda, mbuzi, na kibati alichowekea noti zake za akiba, nauli na mtaji wa kurudi kwao. Asubuhi yake meneja alishuka mwenyewe kutoka kilimani, akatoa mablanketi na kuamuru nyumba zijengwe upya. Hakuwa mtu mbaya. Lakini hakuna aliyemwuliza yule mzee kibatini mlikuwa na kiasi gani. Alitia saini mkataba mwingine, akabaki.

Mwaka uliofuata nyapara alitupitia siku moja kabla, akasema kila nyumba iweke debe la maji mlangoni. Mama alikwenda kuchota. Baba akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwaka huu wametuambia. Kutuuliza bado."

Nimefundisha walimu kwa zaidi ya miaka thelathini, na somo langu lilikuwa historia. Nilipopata vitabu nilijisomea habari za moto ule, si kwa sababu ya mtihani wowote, bali kwa sababu ya neno la baba. Nilitaka kujua kama kulikuwa na wakati wowote, huko kwao ulikotoka, ambapo watu wa jirani na moto waliulizwa.

Mwaka 1605 mfalme wa Uingereza alikuwa James I, Mprotestanti. Wakatoliki wa nchi ile walikuwa wametumaini kwamba angewalegezea sheria zilizowabana. Walipoona mambo ni yale yale, watu 13 wakiongozwa na Robert Catesby walikula njama ya kulilipua Bunge siku ya kufunguliwa kwake, mfalme akiwamo ndani. Walikodi chumba chini ya ukumbi wa Mabwana, wakaingiza mapipa 36 ya baruti na kuyafunika kwa kuni. Aliyewekwa kuyalinda alikuwa Guy Fawkes, mzaliwa wa York, askari aliyeijua kazi ya baruti. Barua ya siri aliyopelekewa Lord Monteagle iliwatia viongozi wasiwasi, chumba kikapekuliwa, na usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba Fawkes akakamatwa. Jioni ya siku hiyo hiyo watu wa London waliwasha mioto mitaani kushangilia kunusurika kwa mfalme wao. Fawkes mwenyewe hakuchomwa moto. Alihukumiwa kunyongwa, akafa tarehe 31 Januari 1606.

Kwa hiyo moto wa kwanza kabisa ulikuwa wa watu wenyewe. Walipata hofu, hofu ikaondoka, wakashangilia. Hilo ni jambo la kibinadamu, na popote duniani watu wangefanya vivyo hivyo. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1606 Bunge lilipitisha sheria kwamba kila tarehe 5 Novemba iwe siku ya shukrani, watu wote waende kanisani wakumbushwe hatari iliyowapita. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria nyingine dhidi ya Wakatoliki, ikawataka waape kiapo cha utii kwa mfalme na kuwazuia wasifanye kazi ya uwakili wala ya udaktari. Shangwe ya jioni moja ikawa amri ya kila mwaka, nayo ilisimama zaidi ya miaka mia mbili na hamsini.

Namwomba msomaji atazame kijiji cha Kiingereza cha zama zile kwa macho ya nyumba moja tu, nyumba ya Mkatoliki. Mtu huyu hakuwamo katika njama. Huenda alimwombea mfalme kama jirani zake. Kila mwaka kengele zinapigwa, kuni zinarundikwa uwanjani, na jirani anayemwazima jembe siku nyingine anakwenda kushangilia. Kadiri miaka ilivyopita, hasa katika miaka ya 1670, lililochomwa mara nyingi lilikuwa sanamu la Papa. Mwaka 1688 William wa Orange alishuka pwani ya Torbay tarehe hiyo hiyo ya 5 Novemba kumng'oa mfalme Mkatoliki, na siku ikapata sababu ya pili. Hapana shaka Mkatoliki yule alikuwa na maoni yake juu ya moto wa kijiji. Katika niliyosoma sikuona mahali alipoitwa ayatoe.

Waingereza walipohamia ng'ambo walikwenda na moto wao. Huko Boston, Marekani, siku hiyo iliitwa Usiku wa Papa, na vijana wa mitaa miwili walipigana wakigombea masanamu. Ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mwaka niliwasimulia wanachuo wangu. Mwaka 1775 George Washington alikuwa akiongoza jeshi la makoloni yaliyoasi, naye alikuwa akitafuta urafiki wa watu wa Kanada, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki. Akasikia kwamba baadhi ya askari wake wanajiandaa kumchoma Papa tarehe 5 Novemba. Aliwakataza kwa amri ya siku hiyo hiyo, akiliita jambo lile la kipuuzi na la kitoto. Wanachuo walizoea kuuliza: je, Washington alikuwa mtu wa huruma kuliko wengine? Nami niliwajibu kwamba sijui moyo wake, ila najua haja yake. Alimhitaji jirani, na mara akauona moto kwa macho ya jirani.

Sheria ya shukrani ilifutwa mwaka 1859. Mtu angedhani mioto nayo ingezimika, maana hapakuwa tena na amri. Haikuzimika, bali ilibaki mikononi mwa watu, na karne ile ya 19 ilionyesha kwamba hata watu wenyewe wanaweza kuwa mabwana wakali. Katika mji wa Guildford magenge ya vijana waliojifunika nyuso yalitawala mitaa kila Novemba. Yalibomoa nyua za watu kupata kuni na kushambulia nyumba za waliothubutu kuwapinga, hadi serikali ya mji ilipoyavunja kwa nguvu katika miaka ya 1860. Wakazi wengi wa Guildford walikuwa na maoni, lakini maoni hayo yalikaa nyuma ya madirisha yaliyofungwa.

Mji wa Lewes, kusini mwa Uingereza katika nchi ya Sussex, una habari ndefu zaidi. Hapo, kati ya mwaka 1555 na 1557, wakati wa Malkia Mary aliyekuwa Mkatoliki, Waprotestanti 17 walichomwa moto wakiwa hai kwa sababu ya imani yao, kumi kati yao kwa siku moja, tarehe 22 Juni 1557. Watu wa Lewes hawakusahau. Kwao moto wa Novemba ulikuwa na deni la zamani kuliko Guy Fawkes. Viongozi walipotaka kuukomesha, mwaka 1847 waliletwa polisi kutoka London, Sheria ya Ghasia ikasomwa hadharani, watu wakapigwa virungu. Desturi haikufa. Kilichoituliza ni jambo jingine: kuanzia miaka ya 1850 wakazi waliunda vyama vya moto, kila mtaa na chama chake, chenye mwenyekiti, mweka hazina, sare na njia yake ya maandamano. Mtu aliyekuwa akirusha mapipa ya lami yanayowaka barabarani akapewa cheo na wajibu. Hadi leo vyama hivyo vipo, na kila Novemba makumi ya maelfu ya watu huja kutazama, wakati wenye maduka wakipigilia mbao madirishani. Wapo wakazi wasiolala nje ya mji usiku ule kwa fedha yoyote, na wapo wanaoondoka mapema.

Vita Kuu mbili ziliizima mioto hiyo kwa muda, ile ya 1914 kwa sheria za ulinzi na ile ya 1939 kwa amri ya giza, kwa kuwa moto ungeziongoza ndege za adui. Kila vita ilipokwisha watu waliiwasha tena.

Hayo yote niliyasoma. Mkutano wa wakazi niliuona kwa macho yangu mwaka 1983, nilipopata nafasi ya kusoma mwaka mmoja Uingereza. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, katika kijiji ambacho sitakitaja. Jioni moja ya mwezi wa Septemba alivaa koti akaniambia kwamba kuna mkutano wa kijiji kuhusu moto, na kama nina nafasi nifuatane naye. Nilifuatana naye, nikakaa kiti cha nyuma kabisa.

Watu walikuwa kama arobaini, na chai ilikuwa kwenye meza pembeni. Swali lilikuwa moja: je, mwaka huu kijiji kiandae usiku wa moto na fataki, au kiache? Mwaka uliotangulia ulikuwa na kasoro. Cheche zilipeperuka hadi kwenye nyumba tatu za kale zilizoezekwa majani, na fedha za viingilio zilipungukiwa. Mkulima aliyetoa kiwanja alisema yuko tayari kukitoa tena, lakini magari yalimwachia matope na ua uliovunjika, na aliyekuja kuutengeneza ni yeye mwenyewe. Kijana mmoja alisema kijiji hakina kitu kingine cha vijana mwaka mzima, na kwamba kijiji kikiacha, kila mtu atarusha fataki zake nyuma ya nyumba, na hapo ndipo watoto huungua mikono. Mwanamke aliyefuga farasi alieleza jinsi mmoja alivyovunja mlango wa banda kwa hofu. Bibi mmoja alisema kuni zisirundikwe wiki nzima kabla, maana nungunungu wadogo wa kule hujificha ndani yake wakaungua. Nilidhani watu watacheka. Waliandika.

Kisha akasimama mzee aliyevaa tai. Alisema alikuwa askari katika vita vya pili, na kwamba usiku wa moto yeye huenda kukaa kwa dada yake mji mwingine. Majirani zake wakageuka kumtazama. Kwa miaka yote hiyo walidhani anapenda kusafiri. Alisema hataki moto ukomeshwe, kwani yeye mwenyewe aliufurahia utotoni. Anachoomba ni siku na saa zijulikane. Mshindo anaoujua anaweza kuuvumilia. Unaomchosha ni ule usiotazamiwa, wa wiki nzima, mmoja leo na mmoja keshokutwa.

Mwanamume mwingine alisema kwa sauti ndogo kwamba familia yake ni ya Kikatoliki, imekaa pale miaka mingi, na hawana kinyongo na mtu. Ila watoto wake huulizwa shuleni lile sanamu ni nani. Ukumbi ulikaa kimya kidogo. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayeona ni lazima pawe na sanamu. Wawili walisema mila ni mila. Wengi walisema hawajawahi kulifikiria.

Walipiga kura. Moto ulipita, lakini uhamie kiwanja cha upande wa pili, mbali na mapaa ya majani, na kuni zipangwe siku ile ile. Fataki zianze saa moja na nusu na kumalizika saa mbili na nusu, barua ipelekwe kila nyumba, na gharama ya ua wa mkulima itolewe kwanza kabla ya faida. Sanamu liliachwa mwaka ule. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa amepiga kura ya kukataa, kwa sababu ya paka wake. Usiku wa moto alikwenda kuuza chai.

Mwishoni mwenyekiti aliniona, akaniuliza kwa ukarimu kama kule kwetu tunao usiku wa moto. Ningeweza kumwambia habari ya safu ya tatu na ya kibati cha yule Mha. Nilisema, "Tulikuwa nao zamani," nikatabasamu, nikanyamaza. Nilikuwa mgeni, nilikuwa nimekunywa chai yao, na niliona haya kuwaharibia jioni. Nimejilaumu mara nyingi. Nilikuwa nimeulizwa, nami sikujibu.

Baada ya mkutano ule niliamini kwa muda kwamba dawa ya jambo hili ni mkutano wa wakazi. Baadaye nilijifunza kwamba hata mkutano una mlango wake, na wapo wasioingia. Mwaka 2003, katika kijiji cha Firle, karibu na Lewes, chama cha moto cha kijiji kilichoma mfano wa gari la kukokota la watu wa kuhamahama, umechorwa picha za mama na watoto madirishani, na kibao cha namba chenye neno la kuwatukana. Palikuwa na ugomvi kijijini siku za nyuma kati ya wenyeji na baadhi ya wahamaji waliopiga kambi. Polisi waliwakamata watu kadhaa wa chama, na mwaka uliofuata waendesha mashtaka wakaamua kwamba ushahidi hautoshi kuwafikisha mahakamani. Wanachama walisema hawakukusudia ubaguzi. Mimi sikuwapo na siwezi kuhukumu nia. Nasema tu kwamba wenye magari yale hawakuwamo walipokuwa wakipanga nini kitachomwa, na moto ule ukawa umerudi kule kule kwa Mkatoliki wa mwaka 1606.

Sheria nazo zimejaribu kusema kwa niaba ya wasiokuwamo. Sheria ya fataki ya mwaka 2003 na kanuni za mwaka 2004 zilipiga marufuku fataki kati ya saa tano za usiku na saa moja ya asubuhi, isipokuwa siku chache za mwaka, ikiwamo tarehe 5 Novemba, ambapo mwisho ni saa sita. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kuwa nazo mahali pa hadhara. Haya ni mambo mema. Lakini sheria haijui kwamba mzee wa tai huenda kwa dada yake. Hilo hujulikana na jirani tu, tena akiuliza.

Huenda msomaji akauliza kama kwetu tunayo desturi ya moto ambayo haimtafuti adui. Ipo, tena si mbali. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Julai, wenyeji huadhimisha Mwaka Kogwa, mwaka mpya unaofuata hesabu ya kale iliyohusiana na Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa vigogo vya migomba, wanawake huimba, na hujengwa kibanda cha makuti ambacho huchomwa moto. Ndani ya kibanda huingia mtu, moto ukishika hutoka. Wenyeji hueleza kwamba maana yake ni kufundisha kusaidiana: nyumba ya jirani ikiungua, hapana wa kukaa kitako.

Niliposimama Makunduchi mara ya kwanza, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, harufu ya makuti yanayoungua ilinirudisha kambini hata nikalazimika kuketi. Kibanda kile kilichomwa na wenye makuti. Walikijenga wenyewe, uwanja ni wao, na upepo ukigeuka nyumba zitakazopata cheche ni zao. Sisemi kwamba wote wa Makunduchi wanakubaliana juu ya kila kitu. Hapana kijiji cha namna hiyo duniani. Nasema tu kwamba anayeshika kiberiti na anayeogopa cheche ni watu wa mlango mmoja. Kambini kwetu kiberiti kilikuwa kilimani na makuti yalikuwa chini.

Siku hizi fataki zimekuwa nyingi katika miji yetu, hasa usiku wa kuamkia mwaka mpya. Polisi hutoa onyo dhidi ya kuchoma matairi na kurusha fataki bila kibali, na vijana hurusha. Nami mzee wa miaka sabini na kitu hukaa kitandani nikihesabu mishindo, nikiuangalia ukuta.

Juzijuzi, siku chache kabla ya mwaka mpya, vijana watatu wa mtaani walikuja barazani kwangu. "Shikamoo, Mwalimu." Nikawaitikia. Mkubwa wao akasema wanataka kurusha fataki saa sita ya usiku pale uwanjani, nusu saa tu, na wamepita kuuliza wazee wanaonaje. Nilikaa kimya muda mrefu, hata wakadhani nimekasirika. Nilikuwa nikifikiri kwamba baba amekufa bila kuliona jambo hili dogo.

Nikawaambia mimi sina neno, ila wageuze mirusho yao upande wa barabara, wasielekeze kwa Bi mkubwa wa nyumba ya makuti kule pembeni, na wakamwulize naye, maana paa ni lake na si langu. Kisha nikawauliza kama wana kibali cha polisi. Hawakuwa nacho. Walikwenda kukitafuta, wakachelewa, hawakukipata. Usiku ule walipika pilau uwanjani, wakaniletea sahani, na wakamletea yule bibi sahani kubwa kuliko yangu.